Je, Wajua? Rasta ya Nyanya Ina Koo Ngapi

Je, wajua kwamba rasta ya nyanya si ugonjwa wa kirusi kimoja? Wakulima wa Tanzania wanaijua sana: jani la juu linajikunja kama kikombe, kingo zinageuka njano, mche unadumaa, maua yanapukutika, na kilele kinasongamana kama nywele zilizosokotwa. Mwaka huu iliingia kwenye matuta yangu manne nyuma ya nyumba. Nikaenda duka la pembejeo, nikauziwa chupa ya "dawa ya rasta", nikapuliza mara tatu, nyanya zikaendelea kujisokota. Siku niliyovaa miwani nikasoma maandishi madogo ya chupa: dawa ya ukungu. Mmea ukishaingiwa na kirusi shambani hakuna dawa ya kuutibu, iwe ya chupa, ya mwarobaini au ya majivu. Hasira zangu nimezileta hapa kwenye safu, na nimezigeuza maswali.

Je, wajua majina ya virusi vya rasta yanasomeka kama orodha ya abiria wa jahazi? Kipo cha Tanzania, kilichoripotiwa mwaka 1997. Kipo cha Arusha. Kipo cha Uganda. Ukivuka maji unakuta cha Komoro, cha Nzuwani, cha Mwali, cha Mayote, cha Shelisheli, na Madagaska ina vyake kadhaa. Vyote vinakunja majani, vyote vinabebwa na inzi weupe, na hata bwana shamba aliyezeekea kazini hawezi kuvitenganisha kwa macho.

Je, wajua kirusi kimoja nacho kina koo ndani yake? Hizo ndizo nitakazoziita mbari. Chukua kirusi mashuhuri kuliko vyote vya rasta, kile kilichoanza kuwasumbua wakulima wa Bonde la Yordani mwishoni mwa miaka ya 1930. Kina mbari kali na mbari pole, na zote mbili zimetembea dunia. Wataalamu wa kundi hili wamewekeana mpaka. Wanasoma vinasaba vya kirusi herufi kwa herufi, kisha wanalinganisha. Vikifanana kwa asilimia 91 au zaidi, ni spishi moja. Vikifika 94, ni mbari moja. Vinasaba vyenyewe ni vifupi, herufi kama 2,800 hivi. Safu hii unayoisoma inavipita zaidi ya mara nne kwa wingi wa herufi. Piga hesabu: herufi 168 zikitofautiana, umefika mpaka wa mbari, zikifika 252, uko mlangoni mwa kirusi kingine.

Je, wajua virusi hivi ni mapacha? Kimoja kimoja, chini ya darubini ya elektroni, ni vifuko viwili vilivyogandana ubavu kwa ubavu.

Je, wajua kwamba elimu yote ya virusi, pamoja na ile ya Korona na UKIMWI, ilianzia kwenye jani lenye batobato? Mwaka 1886 Adolf Mayer, akiwa Wageningen huko Uholanzi, aliandika kwamba utomvu wa tumbaku yenye mabaka ukiingizwa kwenye tumbaku nzima, nayo inaugua. Mwaka 1892 Mrusi Dmitri Ivanovsky aliupitisha utomvu huo kwenye chujio la udongo linalozuia bakteria wote. Utomvu ulitoka safi na bado ukaambukiza. Mwaka 1898 Martinus Beijerinck alisema si bakteria mdogo, ni kitu cha namna nyingine kabisa. Hakuna kati yao aliyewahi kukiona. Picha ya kwanza ilipigwa mwaka 1939, na vikaonekana vijiti vya nanomita 300. Kirusi hicho hicho cha tumbaku kinashambulia nyanya na pilipili.

Basi kwa miaka yote ile, kabla ya picha na kabla ya kusoma vinasaba, walitambuaje mbari? Kwa kuuliza mimea.

Je, wajua kuna mimea inayofugwa maabara kwa kazi ya ushahidi tu? Namna yake ni hii. Unachuma jani linaloumwa, unalitwanga kwenye kinu kidogo pamoja na maji yenye chumvichumvi kidogo. Jani la mmea shahidi unalinyunyizia vumbi kali, jamaa ya lile la kwenye msasa, halafu unachovya kidole kwenye utomvu na kulipaka jani taratibu, kama unayempaka mtoto mafuta usoni. Vumbi linatoboa vijidundu visivyoonekana. Kirusi kinapita humo. Unaosha, unasubiri. Mwaka 1929 Francis Holmes alionyesha kwamba aina fulani za jamaa za tumbaku, zikipakwa kirusi cha tumbaku, haziugui mwili mzima: zinatoa vidoa vya kahawia pale pale kilipoingia, baada ya siku chache tu. Unahesabu vidoa, unajua utomvu ule ulikuwa na kirusi kingi au kidogo. Mbari tofauti huandika vidoa tofauti, na mwenye macho mazoefu anasoma.

Mpaka leo mimea mashahidi haijastaafu. Shahidi wa virusi vya viazi vitamu ni mmea wa ukoo wa viazi vitamu vyenyewe, ila huu unatoka porini huko Brazili, na haupakwi utomvu. Unapandikizwa: kipande cha shina la kiazi kinafungwa kwenye shina lake, unasubiri wiki tatu hivi, majani machanga yanakuambia.

Je, wajua maharage nayo hukaa kama baraza la wazee? Kirusi cha batobato ya maharage kina mbari nyingi kiasi kwamba Mholanzi aitwaye Drijfhout, mwaka 1978, alipanga seti ya aina za maharage zenye jeni tofauti za ukinzani. Unaziambukiza zote mbari moja, unaangalia nani kaugua na nani kasimama, na jibu hilo linaiweka mbari kwenye mojawapo ya makundi saba. Ni kama kumtambua mwizi kwa kuangalia milango ipi amefungua na ipi imemshinda.

Mlango mmoja una historia ya kusikitisha. Wafugaji wa mbegu waliweka kwenye maharage jeni moja yenye nguvu sana, nayo ilizuia batobato kwa miaka mingi. Kumbe zipo mbari ambazo jeni hiyo ikikutana nazo, inapigana kwa fujo hadi inamuua mwenye nyumba: mishipa inageuka myeusi, mmea unanyauka wima. Wanauita ugonjwa wa mizizi myeusi. Mwaka 1992 mbari hizo zilitengwa, zikapewa hadhi ya kirusi kinachojitegemea, na dalili nyingi zinaonyesha asili yake ni Afrika, ambako kinaishi pia kwenye mikunde ya porini. Kwa hiyo mkulima aliyeuziwa mbegu "kinzani" bila mtu kuuliza ni mbari gani iliyopo kwake anaweza kupoteza shamba ambalo mbegu ya kienyeji ingelivumilia kwa majani yenye mabaka.

Je, wajua mbari za kirusi cha pilipili zina majina kama namba za gari? P1.2, P1.2.3. Pilipili ina jeni za ukinzani zilizopewa namba kuanzia moja hadi nne, na jina la mbari linataja jeni ilizozishinda. P1.2.3 imeshinda ya kwanza, ya pili na ya tatu. Na P1.2.3.4 imekwisha kuonekana duniani.

Kirusi hicho hicho, je, wajua kwamba huenda unacho tumboni sasa hivi? Mwaka 2006 watafiti waliochunguza kinyesi cha watu wenye afya zao walikuta kirusi kilichojaa kuliko vyote vya RNA si cha binadamu hata kidogo, ni cha batobato ya pilipili hoho. Kinaingia na kachumbari, na sosi ya chupa, na pilipili ya unga, kinapita kimya, kinatoka kizima. Hakikudhuru. Lakini wapima maji wakikiona kwenye mto au kisima, wanajua hapo kuna maji ya chooni.

Je, wajua kipimo kilichobadilisha kazi hii hufanana na trei ya barafu? Kinaitwa ELISA, na kiliingia kwenye magonjwa ya mimea kwa nguvu mwaka 1977, kwa andiko la Clark na Adams. Ni kisahani cha plastiki chenye vishimo 96. Kila kishimo kimepakwa kingamwili, yaani askari waliofunzwa kwa kumdunga sungura au panya kirusi husika. Unamimina utomvu wa jani. Kirusi kikiwemo, askari wanakishika. Unaosha. Unaleta askari wa pili, hawa wamebeba kimeng'enya, nao wanakishika upande wa pili, kama kitu kilichobanwa kati ya vipande viwili vya mkate. Unaosha tena. Mwisho unamimina maji yasiyo na rangi, unakaa. Baada ya saa moja hivi vishimo vya mimea mizima vinabaki kama maji ya bomba, na vya mimea yenye kirusi vinageuka njano ya limau. Kuna raha fulani kukiangalia kile kisahani kikichipua rangi. Na kuna uwongo unaoweza kujificha humo.

Uwongo gani? ELISA inatambua koti. Kirusi ni vinasaba vilivyovaa koti la protini, na askari wale wanajua koti tu, hawamjui aliyelivaa. Mwaka 1957, huko Berkeley, Fraenkel-Conrat na mwenzake Singer walizivua makoti mbari mbili za kirusi cha tumbaku, wakazivisha kinyume: vinasaba vya hii, koti la ile. Walipoambukiza mmea, watoto waliozaliwa walifuata vinasaba na wakashona upya koti la mama yao. Jambo zuri la maabara, ungesema. Miaka kama 30 baadaye, Uganda, likatokea lenyewe shambani.

Je, wajua batobato ya muhogo iliandikwa kwa mara ya kwanza kutoka nchi hii yetu? Ilikuwa mwaka 1894, enzi za Wajerumani, na aliyeiandika ni Warburg. Najua kuna msomaji atakayeniandikia kwamba muhogo si mboga. Aende Tanga akanyimwe kisamvu cha nazi wiki moja, kisha tuongee. Amani, kwenye milima ya Usambara, palikuwa na kituo cha utafiti ambako Storey na Nichols waliandika mwaka 1938 kwamba batobato inabebwa na inzi weupe, na kwamba ina mbari kali na mbari pole. Hawakuwa na ELISA wala PCR, kipimo cha vinasaba. Walikuwa na visu vya kupandikizia na subira.

Baadaye ikajulikana kuna virusi viwili vikuu: cha Afrika, kilichotapakaa magharibi na katikati ya bara, na cha Afrika Mashariki, kilichozoea pwani hii. Halafu mwishoni mwa miaka ya 1980, kaskazini ya kati mwa Uganda, muhogo ukaanza kusinyaa kwa ukali usiowahi kuonekana. Ugonjwa ukatembea kusini kiasi cha kilomita 20 kwa mwaka, kama kitu kinachotembea kwa miguu. Watu waliacha kulima muhogo katika wilaya nzima. Sampuli zikapimwa kwa ELISA, na kisahani kikajibu: ni kirusi cha Afrika, kile kile cha siku zote.

Jibu hilo lilikuwa la koti. Walipokuja kusoma vinasaba, mwaka 1997, walikuta mwili mzima ni wa kirusi cha Afrika Mashariki, isipokuwa kipande cha katikati cha jeni ya koti, herufi zipatazo 460, ambacho kilikuwa cha kirusi cha Afrika. Virusi viwili vilikutana ndani ya mmea mmoja, vikachanganya vinasaba, akazaliwa chotara: mpwani aliyevaa koti la bara. Askari wa ELISA walimpigia saluti kama mtu wanayemfahamu. Mbaya zaidi, chotara huyo alipokutana tena na kirusi cha Afrika kwenye shina moja, walisaidiana, na hapo ndipo muhogo ulipokwisha kabisa. Ugonjwa ulivuka mpaka ukaingia magharibi mwa Kenya, ukaingia Kagera, ukaenda Rwanda, Burundi na Kongo.

Je, wajua kusaidiana huko hakupo kwa muhogo tu? Shamba la matembele linaweza kuishi na kirusi cha kwanza, kinacholetwa na vidukari, bila mwenyewe kuona kitu. Kirusi hicho kina mbari ya Afrika Mashariki kabisa, imeandikwa hivyo kwenye jina. Aina nyingi za viazi vitamu vya kwetu zinakizuia. Lakini kikiingia cha pili, kinacholetwa na inzi weupe, kinakuja na protini moja inayokatakata silaha za mmea, na ukinzani wote unaanguka: majani yanakuwa membamba kama kamba, kiazi hakijai. Kitendawili hicho kilifumbuliwa mwaka 2009.

Silaha zenyewe, je, wajua zinavyofanya kazi? Mmea ukigundua RNA ya kirusi huikata vipande vya herufi 21 hadi 24 na kuvitumia kama picha za mtuhumiwa, ili kumsaka aliyebaki. Watafiti wa viazi vitamu wakapata wazo ambalo mimi nalihusudu: badala ya kukisaka kirusi, okota vipande hivyo vyote, visome, viunganishe kwa kompyuta kama vigae vya chungu kilichovunjika. Unapata kirusi kizima, na mbari yake, hata kama hukujua unatafuta nini. Mmea umekufanyia upelelezi. Wewe umesoma jalada tu.

PCR haina uhuru huo. Lazima uiambie mapema unatafuta nini, ndiyo maana mbari mpya ikibadilika pale pale PCR inaposhika, majibu yanatoka "hana kitu" huku jani limejikunja mbele yako.

Je, wajua herufi moja inatosha? Kirusi cha mnyauko wa madoa wa nyanya, kinachobebwa na thripsi, kinazuiwa na jeni ya ukinzani ambayo wafugaji wa nyanya wanaitegemea dunia nzima. Mbari zinazoivunja, kule Hispania na kwingineko, zimekutwa na badiliko la asidi amino moja tu kwenye protini inayokisaidia kirusi kupita toka seli hadi seli: nafasi ya 118 au ya 120. Koti ni lile lile. ELISA inasema ni kirusi kile kile, na haikosei. Lakini mkulima aliyenunua mbegu ya bei mbaya kwa ajili ya jeni hiyo anaona nyanya zenye miduara ya njano kama shabaha ya mishale.

Na thripsi huyo, kwa taarifa yako, hawezi kuambukiza kirusi alichokinyonya akiwa mkubwa. Lazima awe amekinyonya akiwa mtoto.

Je, wajua kuna kipimo cha mfukoni kama kile cha ujauzito? Unasaga jani kwenye mfuko wenye maji yake, unachovya kijiti, mistari miwili inatokea au hautokei ila mmoja. Kizuri, ila kina kasoro ya kifamilia. Mwaka 2014 nyanya za Israel zilianza kutoa matunda yenye madoa ya njano, na mwaka uliofuata za Yordani yenye mikunjo ya kahawia. Vijiti vya kirusi cha tumbaku vilijibu ndiyo. Ila jeni ya nyanya iliyokizuia kirusi cha tumbaku na nduguye kwa miongo mingi ilikuwa imepitwa kama haipo. Kumbe ni kirusi kipya cha ukoo ule ule, chenye koti linalokaribiana na la nduguze. Leo kimesambaa katika mabara karibu yote, kwenye mbegu, kwenye makreti, kwenye mikono ya wachumaji.

Kuhusu mikono: wanaopogoa nyanya na pilipili kwenye vitalu-nyumba huchovya vidole na visu kwenye maziwa yaliyoondolewa mafuta kati ya mmea na mmea. Protini za maziwa hupunguza uwezo wa virusi vya ukoo wa tumbaku kuambukiza. Sabuni nayo husaidia. Sigara mfukoni haisaidii.

Je, wajua kabichi inaweza kusingiziwa kwamba ina vinasaba vya kupandikizwa? Kirusi cha batobato ya koliflawa kina kipande cha DNA ambacho wanasayansi wanakitumia kama swichi ya kuwashia jeni kwenye mazao ya uhandisi jeni. Maabara zinazosaka mazao hayo husaka swichi hiyo. Kabichi ya kawaida iliyougua kirusi hicho inajibu ndiyo, na mpimaji makini lazima apime kirusi chenyewe kabla ya kumharibia mtu jina. Sukuma wiki ya Kenya nayo hupata kirusi hicho, na mara nyingi hupata pia batobato ya tanipu, ambayo mbari zake hutambuliwa kwa baraza la mimea ya rapa kama lile la maharage.

Je, wajua wakulima wa letusi wa bonde la Salinas, California, hawaruhusiwi kupanda mbegu mpaka 30,000 zipimwe na isipatikane hata moja yenye kirusi cha batobato? Moja tu, fungu zima linakataliwa. Sababu ni vidukari: mche mmoja uliozaliwa na kirusi unatosha, wao watamaliza kazi.

Na vidukari hawahitaji siku. Kwa virusi vingi vya batobato kidukari anachoma jani kwa sekunde chache, anaonja, hapendi, anaruka kwingine, amekwisha kuambukiza. Dawa ya wadudu inamuua baadaye, wakati kazi imekwisha. Inzi mweupe wa rasta ni tofauti: anahitaji kunyonya kwa robo saa hivi, kirusi kizunguke mwilini mwake kwa saa kadhaa, ndipo aanze kuambukiza, lakini akishaanza anaweza kukibeba muda wote wa maisha yake.

Je, wajua unaweza kuuchanja mmea? Mwaka 1929 McKinney aliona kwamba tumbaku yenye mbari pole haishikwi na mbari ya njano ya kirusi kile kile. Leo kuna wakulima wa nyanya wa Uholanzi na Ubelgiji wanaopulizia mashamba yao kirusi, makusudi, mbari pole iliyochaguliwa, ili mbari kali ikute viti vimejaa. Sharti ni moja na ni gumu: ujue kwa hakika mbari iliyopo eneo lako, kwa sababu chanjo ya mbari isiyofanana huweza kuzidisha ugonjwa badala ya kuuzuia.

Je, wajua jani linaweza kusafiri kwa posta? Zipo kadi nene za karatasi zilizotiwa kemikali. Unalaza jani juu yake, unaligonga na kitu butu hadi doa la kijani linapenya upande wa pili, unaiacha ikauke kivulini. Vinasaba vya kirusi vinabaki humo muda mrefu bila friji. Joseph Ndunguru na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba batobato ya muhogo inasomeka vizuri kutoka kwenye doa kama hilo. Kwa nchi ambayo sampuli inaweza kukaa siku mbili kwenye basi, hilo si jambo dogo.

Na siku hizi maabara yenyewe inapanda basi. Mwaka 2019 timu ya watafiti, pamoja na Laura Boykin na Ndunguru huyo huyo, ilichapisha walichokifanya chini ya miti katika mashamba matatu, moja Tanzania, moja Uganda, moja Kenya: mashine ya kusoma vinasaba inayoshikika kiganjani, betri, bila umeme wa gridi wala intaneti. Kuanzia kufika shambani hadi kumwambia mkulima jina la kirusi kilichomo kwenye muhogo wake, zilitosha saa chache tu.

Programu ya simu iitwayo Nuru, ambayo unaielekezea jani la muhogo nayo inasema ni batobato au michirizi ya kahawia, ni msaada mkubwa na haidai bando ukiwa shambani. Lakini Nuru ina macho tu. Mbari haiioni, kama mimi na wewe.

Je, wajua majina yamebadilika? Kitabuni kirusi cha tumbaku sasa ni Tobamovirus tabaci, na kile cha rasta cha Bonde la Yordani ni Begomovirus coheni, kwa heshima ya Cohen aliyekichunguza miaka ya 1960. Muuza pembejeo wangu hajaarifiwa.

Je, wajua mmea wenye rasta haung'olewi hivi hivi? Unatakiwa kwanza uufunike mfuko wa plastiki, uufunge chini, ndipo uung'oe na mfuko wake. Mimi nilijua hilo Jumapili. Jumamosi asubuhi, nikiwa na jembe na hasira ya ile chupa, niliushika mche wa kwanza shingoni nikautikisa kidogo kulegeza udongo. Kutoka chini ya majani kikainuka kitu kama majivu yaliyopulizwa, cheupe, kimya, kikaning'inia hewani kidogo, halafu kikavuka ua wa minyaa kuelekea kwa jirani, ambaye miche yake ya hoho na nyanya ilikuwa na wiki moja tangu itoke kitaluni.